Pumzi ya Maji: Jinsi Mng'ao Unavyopima Oksijeni Ziwani, kwa Mfano wa Homa Bay na Migori

Mwishoni mwa mwaka 2022 wafugaji wa samaki katika upande wa Kenya wa Ziwa Viktoria walipata hasara kubwa. Samaki waliokuwa wakilelewa katika vizimba walikufa kwa wingi, wakaelea matumbo juu, na mali iliyotunzwa kwa miezi mingi ikawa mzigo wa kuzikwa. Watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya walieleza kwamba chanzo kilikuwa upungufu wa oksijeni katika maji. Maelezo hayo ni mafupi, na kwa mwanasayansi yanatosha. Kwa mwenye kizimba, hata hivyo, hayatoshi hata kidogo, kwani oksijeni haionekani, haina harufu, wala haina jina la asili katika lugha yoyote inayosemwa ufuoni.

Neno linalotangulia midomoni katika msiba wa namna hii aghalabu ni "sumu". Wala si neno la kijinga. Mnamo mwaka 1999 Jumuiya ya Ulaya ilizuia samaki wa Ziwa Viktoria wasiingie katika masoko yake kwa sababu baadhi ya wavuvi walikuwa wakitumia dawa za kuulia wadudu kuvulia samaki, na watu wa ufuoni waliokosa soko wakati huo hawajasahau. Kadhalika, katika eneo la Nyatike huko Migori, ambako mgodi wa Macalder ulitoa shaba na dhahabu hadi miaka ya 1960, wachimbaji wadogo bado hutumia zebaki kukusanyia dhahabu, na mito ya huko huishia ziwani. Basi mtu anapokuta samaki wake wamekufa, ana sababu za kumtazama jirani kwa jicho la shaka. Tofauti kati ya sumu na kukosa oksijeni si ya kinadharia tu, kwani inaamua nani atalaumiwa, nani atadaiwa fidia, na kizimba kitahamishiwa wapi.

Makala haya yanakusudia kueleza njia moja ya kuipima oksijeni hiyo, na hata kuipiga picha, kwa kutumia vitu ving'aavyo ambavyo mng'ao wake huzimwa na oksijeni yenyewe. Njia hii imeenea sana duniani katika miaka ya karibuni. Kwa kuwa jarida hili ni la lugha, yatazamwa pia maneno yenyewe, maana katika jambo hili neno baya laweza kumpotosha mtu kama vile kipimo kibaya.

Neno "hewa" na matata yake

Mafunzo ya zamani ya afya na sayansi yalizoea kuiita oksijeni "hewa safi", na gesi itokayo mapafuni "hewa chafu". Hospitalini pia husemwa kwamba mgonjwa "amewekewa hewa". Kwa mahitaji ya darasani au wodini usemi huo haukuleta madhara makubwa. Ukipelekwa ziwani unaleta mawili. Kwanza, mvuvi anayeambiwa kwamba "maji hayana hewa" hutazama upepo unaovuma na mawimbi yanayotoa povu, akaona anaambiwa upuuzi. Pili, neno "safi" humfanya adhani kwamba maji maangavu yana oksijeni na yale machafu hayana. Mambo ziwani mara nyingi ni kinyume. Maji ya kijani kibichi, yenye harufu ya mwani, huweza saa nane mchana kuwa na oksijeni kupita kiasi, na maji maangavu yaliyotoka kilindini yakawa hayana hata chembe.

Yafaa basi jina "oksijeni" libaki kuwa jina la kitu chenyewe, na hali ya maji ielezwe kwa neno "pumzi". Kiswahili kina ukoo wa maneno uliojengwa juu ya shina hili, yaani pumua, pumzi, pumzika na pumziko, na kila mtu anajua kwamba pumzi huweza kuwa nyingi au haba, na huweza kukatika. Kusema "maji yamepungukiwa pumzi" hakuhitaji ufafanuzi Mbita wala Muhuru Bay. Eneo hili lenyewe limezoea kuvusha maneno mpakani bila matata. Samaki aitwaye mbuta upande wa Kenya ni sangara upande wa Tanzania, ngege ni sato, na omena ni dagaa, na wachuuzi wa Migori wanaopita Isebania na Sirari huyatumia majina yote kulingana na mnunuzi aliyesimama mbele yao.

Kiasi cha pumzi hiyo ni kidogo mno, jambo ambalo mwenye mapafu hulisahau upesi. Uso wa Ziwa Viktoria uko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari. Katika mwinuko huo, na katika joto la nyuzi 25, lita moja ya hewa ina oksijeni ipatayo miligramu 240, ilhali lita moja ya maji yaliyoshiba oksijeni haizidi miligramu 7 na kitu. Samaki huishi katika ufukara huo siku zote. Ngege huvumilia kushuka hadi miligramu mbili au tatu kwa saa chache, lakini mbuta ni mwepesi zaidi wa kudhurika. Kamongo hajali, kwa kuwa ana mapafu, naye hupanda juu akavuta hewa kama mtu.

Jinsi maji yanavyoishiwa pumzi

Oksijeni huingia ziwani kwa njia mbili, yaani kutoka hewani kupitia uso wa maji, na kutoka kwa mwani na mimea mingine inayojitengenezea chakula kwa nuru ya jua. Hutoka kwa njia moja kubwa, nayo ni kupumua. Samaki hupumua, na mwani wenyewe hupumua usiku. Walaji wakubwa kuliko wote ni vijidudu wanaoozesha mabaki. Kwa hiyo maji yenye mwani mwingi huwa na utajiri wa mchana na umaskini wa alfajiri, na saa mbaya ni ile ya kabla ya jua kuchomoza.

Ghuba ya Winam, ambayo Homa Bay, Kendu Bay na Mbita ziko kandokando yake, ina kina kifupi na huunganishwa na ziwa kuu kwa mlango mwembamba wa Rusinga. Mito huleta humo udongo na mbolea za mashambani pamoja na taka za miji. Katika miaka ya 1980 njia nyingine ndogo, ile iliyokuwa kati ya Kisiwa cha Rusinga na nchi kavu, ilizibwa kwa tuta la barabara la Mbita, na maji hayakupita hapo tena hadi tuta lilipoachia nafasi daraja lililofunguliwa mwaka 2017. Gugu maji, lililoonekana katika upande wa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1990, liliifunika sehemu kubwa ya ghuba kufikia mwaka 1998. Chini ya zulia la gugu hilo nuru haipiti na upepo hauyagusi maji, kwa hiyo njia zote mbili za kuingiza oksijeni huzibwa kwa pamoja.

Katika ziwa kuu, ambako pwani ya Migori kuanzia Sori hadi Muhuru Bay imeelekea, hatari huja kwa namna nyingine. Maji ya juu yakipata joto huwa mepesi, hukaa juu ya maji baridi ya chini bila kuchanganyika nayo, na yale ya chini hutumia akiba yao ya oksijeni mpaka ikaisha. Jack Talling, aliyepima ziwa hili mwaka 1960 na 1961, alikuta upungufu huo kilindini kwa muda tu wa mwaka. Vipimo vya mwanzoni mwa miaka ya 1990, vilivyochapishwa na Robert Hecky na wenzake mwaka 1994, vilionyesha kwamba hali ilikuwa imezidi sana, kwani maji yasiyo na oksijeni yalikuwa yamepanda juu zaidi na kukaa muda mrefu zaidi, yakatawala sehemu kubwa ya sakafu ya ziwa. Pepo kali zikiyasukuma maji ya juu upande mmoja, yale ya chini huinuka upande wa pili na kufika mahali ambapo hayakutazamiwa. Mtafiti Peter Ochumba alikwisha kueleza katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 vifo vya samaki wengi katika Ghuba ya Winam, akavihusisha na upungufu wa oksijeni.

Samaki wa huru hukimbia, na wavuvi wa zamani waliyajua mapito hayo bila kipimo chochote. Waliona samaki wakitweta juu ya maji, wakajaza nyavu siku moja na kesho yake wasipate kitu. Samaki wa kizimba hana pa kukimbilia. Ufugaji wa vizimba uliongezeka kwa kasi baada ya mwaka 2013 hivi, na vizimba sasa ni maelfu. Kwa hiyo elimu ambayo zamani mvuvi aliweza kuishi bila kuwa nayo leo imekuwa ya lazima.

Mng'ao na uzimaji wake

Kwa muda mrefu oksijeni ya maji ilipimwa kwa njia ya Mhangaria Lajos Winkler, aliyoitoa mwaka 1888. Maji huchotwa katika chupa, hutiwa kemikali, na rangi inayotokea huhesabiwa kwa matone. Njia hii ni sahihi mno, ila ni ya mtu mwenye subira na meza isiyotikisika, na mtumbwi hauna meza. Katika miaka ya 1950 Mmarekani Leland Clark alibuni kipimo cha umeme ambacho kilirahisisha kazi, lakini kilikuwa na kasoro moja ya kuchekesha, maana kiliitumia oksijeni kilichotumwa kuipima, hata maji yasipokorogwa mbele yake kikasema uongo.

Njia ya mng'ao haina kasoro hiyo. Asili yake ni uchunguzi wa Mjerumani Hans Kautsky, aliyegundua mwaka 1931 kwamba rangi fulani zilizowekwa juu ya chembe za silika hung'aa zikimulikwa, na kwamba kiasi kidogo sana cha oksijeni huuzima mng'ao huo. Mwaka 1975 Dietrich Lübbers na Norbert Opitz, nao wa Ujerumani, walikifanya chombo cha kupimia kwa msingi huo. Chombo chao huitwa optodi.

Ili kuelewa kinachotokea, mtu aliyezoea ziwa na afikirie usiku wa giza la mwezi, wakati wavuvi wa omena wanapotandaza taa zao majini, na mtazamaji amesimama juu ya kilima cha Mbita. Tuseme taa zote zimewashwa kwa mkupuo mmoja, na kila moja imewekewa mafuta ya muda mfupi, kisha itazimika yenyewe. Sasa katikati yao wapite watu wenye mitumbwi wasioonekana, ambao kila wanapoigusa taa huizima kabla ya wakati wake. Mtazamaji hawaoni watu hao. Lakini akihesabu jinsi taa zinavyopungua upesi, atajua kama wapitao ni wachache au ni wengi.

Taa hizo ni molekuli za rangi. Zilizo mashuhuri kwa kazi hii zina madini ya rutheniamu, au platina iliyokaa ndani ya pete iitwayo pofirini, ambayo ni ya ukoo mmoja na kiini cha damu na cha ukijani wa majani. Rangi huchanganywa na plastiki nyepesi na kutandazwa kuwa utando mwembamba. Maji na chumvi haviingii ndani ya utando, lakini oksijeni hupenya. Utando ukimulikwa kwa mwanga wa buluu, molekuli hupokea nguvu na kuchangamka, na baada ya kitambo huirudisha kama mwanga mwekundu. Kitambo hicho, ambacho ni sehemu ndogo sana za sekunde, ndicho umri wa mng'ao. Molekuli ya oksijeni ikiigusa molekuli iliyochangamka huichukua nguvu ile, na mwanga mwekundu hautoki. Oksijeni yenyewe haipungui kwa kazi hiyo, kwani huachia nguvu hiyo baadaye na kwenda zake. Ndiyo maana chombo hiki hakihitaji maji yanayokorogwa.

Hapa msomaji ana haki ya kushangaa. Moto huwaka kwa oksijeni na hufa bila ya hiyo. Hata kimulimuli, ambaye mwanga wake hauna joto, huitumia oksijeni ili apate kuwaka. Mng'ao huu peke yake huuawa na kile kinachowapa uhai wale wengine. Sababu imo katika maumbile ya oksijeni. Molekuli yake ina elektroni mbili zisizo na wenzi, na kwa hali hiyo iko tayari kuipokea nguvu ya molekuli iliyochangamka, jambo ambalo naitrojeni iliyojaa hewani haiwezi. Ni kwa sababu hiyo pia kwamba neno "mwako" halifai kuwa istilahi ya jambo hili, ingawa mara kwa mara hutumiwa, kwa kuwa huleta fikra ya kuungua. "Mng'ao" ni afadhali, japokuwa nalo lina udhaifu wake, maana kioo na sufuria iliyosuguliwa hung'aa pia bila kuwa na mwanga wao. Kwa tendo la oksijeni, kitenzi "kuzima" kinatosha kabisa na hakuna haja ya kutafuta kingine. Vivyo hivyo "umri wa mng'ao" ni bora kuliko "muda wa maisha wa mng'ao", ambao unanuka tafsiri.

Otto Stern na Max Volmer walieleza mwaka 1919 hesabu ya uzimaji wa namna hii. Kanuni yao ni kwamba umri wa mng'ao pasipo na oksijeni, ukigawanywa kwa umri wake penye oksijeni, hutoa moja pamoja na kiasi kinachoongezeka sawasawa na oksijeni. Chukua utando ambao umri wa mng'ao wake ni sehemu 60 za milioni za sekunde katika maji yasiyo na oksijeni, na sehemu 20 katika maji yaliyoshiba. Katika maji yenye nusu ya shibe, umri utakuwa 30. Katika maji yenye sehemu moja ya kumi ya shibe, utakuwa 50. Kutoka shibe kamili hadi nusu yake, tofauti ni 10 tu; na kutoka sehemu moja ya kumi hadi sifuri, tofauti ni 10 vilevile. Maana yake ni kwamba chombo huona vizuri zaidi pale ambapo oksijeni ni haba, na hapo ndipo samaki hufa. Vipimo vingi vya kazi nyingine hufifia mwishoni mwa mizani yao, lakini hiki hunoleka.

Inafaa pia kutenganisha jambo hili na kile kipimo cha kidoleni ambacho watu wengi walikifahamu wakati wa maradhi ya Korona mwaka 2020. Kipimo hicho nacho hutumia mwanga, ila hupima rangi ya damu, jinsi inavyoubadilisha mwanga upitao katika kidole. Hakina mng'ao wala uzimaji. Hata hivyo, uzimaji umeingia katika utabibu kwa mlango wake wenyewe, kwani Jane Vanderkooi na David Wilson wa Marekani walionyesha katika miaka ya 1980 kwamba rangi za namna hii zaweza kupima oksijeni katika viungo vyenye uhai.

Kutoka nukta hadi picha

Chombo kilichoelezwa hapo juu husoma nukta moja. Hatua kubwa ilikuja mwaka 1996, pale Ronnie Glud na wenzake walipoutandaza utando mpana juu ya kioo na kuutazama kwa kamera. Tope la ziwa au la bahari huwekwa katika chombo cha kioo, likaugusa utando kwa ndani. Taa ya buluu humulika kutoka nje, na kamera hupokea mng'ao. Kila doa la picha huwa kipimo. Mahali pa namba moja panapatikana ramani yenye maelfu ya namba, na mabadiliko yake yaweza kufuatwa dakika kwa dakika.

Kuna njia mbili za kuisoma picha hiyo. Ya kwanza ni kuzima taa ghafla na kuiacha kamera ipokee mng'ao katika vipindi viwili vifupi vinavyofuatana, kisha kuvilinganisha ili kupata umri wa mng'ao. Hii haidanganywi na taa isiyosambaa vizuri wala rangi iliyochujuka. Ya pili ni kuchanganya rangi mbili katika utando, moja inayozimwa na oksijeni na nyingine isiyojali, na kulinganisha nyekundu na kijani katika picha ya kawaida. Mnamo mwaka 2011 ilithibitishwa kwamba kamera ya dijitali inayouzwa madukani yatosha kwa njia hii ya pili. Kwa vyuo vya nchi zisizo na fedha nyingi za maabara, hiyo ni habari njema kuliko uvumbuzi mwingi unaotangazwa kwa kishindo.

Picha ya mng'ao ina mtego kwa jicho lisilofundishwa. Penye mwanga mkali hapana oksijeni, na penye giza ndipo penye uhai. Wachapishaji wengi hugeuza rangi kwa kompyuta ili oksijeni nyingi ionekane nyekundu au njano na ukosefu wake uonekane buluu au mweusi, na wengine hawafanyi hivyo. Mwandishi wa Kiswahili anayeeleza picha kama hizi hana budi kusema waziwazi ni rangi ipi yenye maana ipi, na asiridhike na kusema "sehemu ing'aayo".

Katika picha hizo mambo mengi yaliyokuwa ya kukisia yameonekana. Katika tope lenye mabaki mengi, oksijeni haishuki zaidi ya milimita chache. Mashimo ya minyoo huingiza oksijeni kama vichochoro ndani ya tope jeusi. Mizizi ya mpunga, ambao hustahimili udongo uliofurika, imeonekana ikivuja oksijeni pembeni yake, kwa kuwa mmea huipitisha hewa kutoka majani hadi ncha za mizizi. Jambo hili la mwisho lina maana kwa wakulima wa mpunga wa Nyatike katika mradi wa umwagiliaji wa Kuja ya Chini, ambao mashamba yao hukaa chini ya maji ya mto uleule uingiao ziwani.

Ziwa zima haliwezi kubandikwa utando. Picha yake hupatikana kwa kufunga vihisi kadhaa katika kamba moja, kimoja chini ya kingine, na kuviacha visome usiku na mchana. Kisha vipimo hupangwa katika karatasi, kina kikiwa upande mmoja na saa upande wa pili, na mapito ya maji yasiyo na pumzi yakaonekana yakipanda na kushuka. Mahali pafaapo kujifunzia kusoma picha ya namna hiyo ni Simbi Nyaima, lile ziwa dogo la magadi lililo karibu na Kendu Bay. Masimulizi ya Wajaluo husema kwamba hapo palikuwa kijiji kilichozama baada ya kumnyima kikongwe ukarimu. Maji yake ya juu ni ya kijani kwa wingi wa vijimea, na mchana huzalisha oksijeni kwa fujo. Ya chini hayachanganyiki na ya juu, hayana oksijeni kabisa, na yana gesi yenye harufu ya mayai viza. Katika mita chache tu mtu hutoka katika shibe akaingia katika kifo.

Sumu au kukosa pumzi?

Sasa yawezekana kulirudia lile swali la ufuoni. Vifo vya kukosa oksijeni vina dalili zake. Hutokea usiku wa manane au alfajiri, samaki wakubwa hutangulia kufa, na wengi hukutwa vinywa wazi na mashavu yametanuka. Zebaki haiui kwa namna hiyo. Huingia katika mwili wa samaki kidogo kidogo, hukaa, na dhara lake kubwa humfikia mlaji miaka mingi baadaye. Mtu anayelaumu zebaki kwa vifo vya usiku mmoja aghalabu hukosea, na kosa hilo lina ubaya wa ziada, kwani siku vizimba vitakapokuwa salama atadhani kwamba zebaki nayo imekwisha. Dawa za kuulia wadudu ni jambo jingine. Hizo zaweza kuua kwa usiku mmoja, na dalili peke yake hazitoshi kuzitenga.

Kihisi kilichoachwa ndani ya kizimba hujibu nusu ya swali hilo. Kikionyesha kwamba oksijeni ilishuka tangu saa nane usiku hadi chini ya miligramu moja, hakuna haja ya kumtafuta mchawi wala jirani. Kikionyesha kwamba ilikuwa miligramu sita usiku kucha na samaki wakafa hata hivyo, basi shaka ya sumu ina msingi, na maji yapelekwe maabara pamoja na samaki wenyewe, katika barafu, siku hiyohiyo.

Ushahidi huo una thamani ikiwa tu chombo kimetunzwa. Utando huchujuka kwa kumulikwa mara nyingi, na kofia inayoubeba hubadilishwa baada ya mwaka mmoja au miwili. Mwani huota juu yake upesi katika maji ya Homa Bay, na kihisi kilichofunikwa na mwani hupima pumzi ya mwani huo badala ya ile ya ziwa, kwa hiyo hupanguswa kwa kitambaa laini kila baada ya siku chache. Joto hubadilisha umri wa mng'ao, hivyo chombo lazima kiwe na kipimajoto ndani yake. Kukisahihisha si kazi ngumu. Hutiwa kwanza katika maji yaliyopuliziwa hewa hadi yakashiba, kisha katika maji yaliyotiwa sodiamu salfaiti, ambayo huimaliza oksijeni yote. Namba hizo mbili huandikwa katika daftari, pamoja na tarehe, saa na jina la aliyepima, maana siku ya mabishano daftari hilo ndilo litakaloombwa kwanza.